Kifyonza vumbi cha zamani cha mkononi: kukitambua, kusoma dalili zake na kukipangia bei

Usikichomeke kwanza kwenye umeme. Vifyonza vumbi vingi vya zamani huharibika siku ile ile vinapotolewa stoo, mwenye nacho anapotaka kuona tu kama kinawaka. Waya uliokaa miaka 60 umekauka na kupasuka, au mota iliyotengenezwa kwa volti 110 hadi 120 za Marekani inapewa volti 240 za kwetu, na kitu kilichokuwa kizima kinageuka chuma chakavu. Mnunuzi wa vitu vya kale hulipa zaidi kwa mashine ambayo haijajaribiwa kuliko ile iliyoungua jana.

Kwa hiyo kijue kwanza, kikague kikiwa hakina umeme, kipime, ndipo ufikirie bei. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mita yenye kipimo cha ohm, bisibisi bapa zinazokaa sawasawa kwenye skrubu (skrubu za zamani nyingi ni za mfuo mmoja, na bisibisi ndogo huzichuna), brashi laini, tochi, barakoa ya vumbi, na globu ya waya ya wati 60 hadi 100 pamoja na kishikio chake. Globu ya LED haifai kwa kazi hii. Ukiweza kuazima mita ya volti 500 ya kupima insulesheni (kifuniko kinachozuia umeme usivuje), ile mafundi wanayoiita mega, utakuwa umekamilika.

Kibao hakisomeki, au hakipo kabisa

Kibao cha jina hukaa chini ya mota, upande wa ndani wa mkono wa kushikia, au karibu na shingo ambako mfuko unafungwa. Kwenye vibao vya aluminiamu maandishi mengi ni rangi nyembamba tu. Spiriti, petroli na dawa ya kung'arishia shaba huyafuta kwa mpanguso mmoja, na kibao kilichofutika hakirudi. Tumia kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni. Kisha mulika tochi kwa ubavu, mwanga ulale karibu sambamba na bati, upige picha. Kama maandishi yamegongwa kwenye chuma, weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli laini kwa ulalo. Tarakimu zitajitokeza zenyewe.

Hata nusu ya maandishi inatosha kukadiria umri. Ushahidi mzuri kuliko wote ni namba ya hataza (patent), yaani ya haki ya uvumbuzi. Hataza za Marekani zilifika 1,000,000 mwaka 1911, 2,000,000 mwaka 1935, 3,000,000 mwaka 1961 na 4,000,000 mwishoni mwa 1976. Chukua namba kubwa kuliko zote kwenye kibao: mashine haiwezi kuwa imetengenezwa kabla ya mwaka wa namba hiyo, ingawa inaweza kuwa ya miaka mingi baadaye. Namba zenye "Des." mbele yake ni za umbo la nje, zina mfululizo wao tofauti, kwa hiyo ziache kando. "Pat. Pend." ina maana ombi lilikuwa bado halijajibiwa, peke yake haikupi mwaka.

Anwani ni shahidi wa pili. Ukiona namba ya tarakimu moja au mbili kati ya jina la mji wa Marekani na jimbo lake, kwa mfano "Cleveland 8, Ohio", kibao ni cha kati ya 1943 na 1963. Namba ya posta ya tarakimu tano ilianza 1963. Kwenye maelezo ya umeme, "cycles" au "c/s" ni lugha ya zamani ya kutaja mizunguko ya umeme kwa sekunde; jina la hertz lilipitishwa kimataifa mwaka 1960 na likachukua miaka kuenea, hivyo kwenye mashine za Uingereza na Marekani "Hz" inaelekeza kwenye miaka ya 1960 mwishoni na kuendelea. Alama ya CE ni ya miaka ya 1990. Muuzaji akikuambia mashine yenye CE ni ya miaka ya 1950, ondoka.

Alama ya mraba ndani ya mraba inasema mashine ina insulesheni mbili na haihitaji waya wa ardhi. Kwenye vifyonza vya chuma tupu vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hutaiona, na hilo ni onyo la usalama tutakalolirudia.

Plagi usiiamini sana. Plagi ya pini tatu bapa, ile ile tunayotumia Kenya, Uganda na Tanzania, ilianza Uingereza mwaka 1947, lakini plagi hubadilishwa kwa dakika tano. Inakueleza habari za mwenye mali wa mwisho tu. Jambo moja tu la kuzingatia: baadhi ya mashine za mwanzo zilichomekwa kwenye kishikio cha taa, kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa na taa lakini hazina soketi. Ukikuta kichwa cha namna hiyo bado kipo mwishoni mwa waya, usikikate. Kinaongeza thamani.

Jina lipo, lakini hujui ni la wakati gani

Hoover Dustette ndiyo inayoonekana zaidi kwenye masoko ya vitu vya kale ya Uingereza. Ni ya miaka ya 1930 na ilitengenezwa kwa muda mrefu: mwili wa aluminiamu iliyong'arishwa, mdomo mpana mbele, mfuko wa kitambaa ukining'inia nyuma. Hoover ya Uingereza ilikuwa na kiwanda Perivale, magharibi mwa London, jengo jeupe lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 ambalo watu wanaopenda usanifu wa enzi hiyo bado wanalipiga picha. Lakini Hoover ilikuwa na makao yake North Canton, Ohio, na viwanda nje pia, kwa hiyo jina lile lile linaweza kuwa la volti tofauti. Jina la mashine halikuambii umeme wake. Soma volti, kila mara.

Kibao chenye "P. A. Geier Co., Cleveland" ni cha kabla ya katikati ya miaka ya 1950. Hiyo ndiyo kampuni iliyotoa Royal Prince mwaka 1937, mashine nzito ya chuma ambayo bado inapendwa. Baadaye kampuni ilichukua jina la Royal Appliance, na mwaka 1984 ikatoa Dirt Devil nyekundu ya mkononi. Watu huchanganya hizi mbili kwa sababu ukoo ni mmoja, ila bei zake haziko kundi moja hata kidogo: Dirt Devil za plastiki zilitengenezwa kwa mamilioni.

Ya tatu ni Dustbuster ya Black & Decker, isiyo na waya, iliyoingia sokoni mwaka 1979 ikiwa na umbo lililobuniwa na Carroll Gantz. Mambo mawili yatakusaidia hapa. Kwanza, watu wengi huita kifyonza chochote cha betri "Dustbuster"; kama jina la Black & Decker halipo, si yenyewe. Pili, angalia alama katikati ya maneno mawili: tangu 2014 kampuni inaandika Black+Decker kwa alama ya jumlisha, kwa hiyo yenye jumlisha ni ya jana tu. Utakutana pia na wauzaji wanaodai kwamba mashine hii ilitengenezwa kwa ajili ya mwezini. Kilichokwenda mwezini ni keekee ya kutoboa ardhi na kuchukua sampuli, iliyotumiwa na safari za Apollo 15, 16 na 17. Ujuzi wa mota za betri uliopatikana huko ulisaidia kazi ya baadaye, lakini kifyonza chenyewe hakikupanda roketi. Hadithi hiyo isikuongezee hata senti katika bei.

Mwili haujulikani ni plastiki au bakelaiti

Bakelaiti ni nzito, baridi mkononi, na ukiigonga kwa ukucha inatoa sauti kavu na ngumu. Rangi zake ni nyeusi, kahawia au nyekundu iliyokolea. Nyeupe safi na rangi za maji ya bahari si zake. Isugue kwa kidole gumba kwa nguvu mpaka ipate joto, kisha unuse: harufu kama ya dawa ya kusafishia hospitali za zamani inaonyesha bakelaiti. Kuna wanaopendekeza kuchoma kwa sindano ya moto. Tafadhali usifanye hivyo. Tundu la sindano halizibiki, na mnunuzi atalitafuta.

Mkono uliofifia na kuwa wa kijivu umepigwa na jua, tabaka la juu limeondoka. Nta kidogo itarudisha mng'ao wa wastani. Msasa utafichua unga wa mbao uliochanganywa ndani, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Rangi za nyaya hazieleweki

Hapa ndipo watu wanapopigwa shoti. Uingereza, kabla ya mabadiliko ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, waya mwekundu ulikuwa na moto, mweusi nyutro, kijani ardhi. Baada ya hapo: kahawia moto, bluu nyutro, kijani na njano ardhi. Marekani mweusi ndio wenye moto, na mweupe ni nyutro. Ona hatari iliyopo: mweusi ni nyutro kwenye mashine ya zamani ya Kiingereza, na ni moto kwenye ya Kimarekani. Usifuate rangi peke yake. Fuata kwa mita waya upi unafika kwenye swichi.

Ukikuta kahawia na bluu ndani ya mashine ya miaka ya 1930, waya umeshabadilishwa. Si kosa, na mara nyingi ni heri, lakini andika hivyo unapouza.

Hakiwaki kabisa

Kikiwa hakijachomekwa, washa swichi yake na pima ohm kati ya pini mbili za plagi. Mota ya volti 240 kwa kawaida huonyesha makumi ya ohm. Ya volti 110 huonyesha chache zaidi. Zungusha feni polepole kwa kidole huku ukitazama mita. Namba ikicheza kidogo, ni sawa. Ikiruka na mita ikaacha kusoma kabisa sehemu moja tu ya mzunguko, koili moja ya amecha (sehemu ya mota inayozunguka) imekatika, au kuna uchafu kati ya kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha) na komyuteta (mapande ya shaba yanayozunguka na ambayo kaboni huyagusa).

Kama mita haisomi chochote, chanzo ni kimoja kati ya vitatu, kwa mfuatano huu wa uwezekano. Cha kwanza ni waya uliokatika ndani, karibu sana na plagi au pale unapoingia kwenye mkono, kwa kuwa ndipo unapokunjwa. Ukunje taratibu huku mita imeunganishwa. Cha pili ni kaboni zilizokwisha au kunasa kwenye nyumba zake. Cha tatu ni swichi yenye kutu.

Kaboni zinahitaji uangalifu. Kabla ya kuzitoa, weka alama: ipi ni ya kushoto, ipi ya kulia, na upande upi ulikuwa juu. Kila kaboni imelika kwa mviringo wa komyuteta, na ukiigeuza itagusa kwa ncha tu, itoe cheche na kula shaba. Ikibaki chini ya milimita 5 au 6, au spring haiisukumi tena, badilisha. Huhitaji spea ya asili; chukua kaboni kubwa ya keekee au grainda, ikate kwa msumeno mwembamba, iteleze ndani ya nyumba yake bila kubana wala kucheza, kisha funga kipande cha msasa laini namba 400 kuzunguka komyuteta, upande wa mchanga ukitazama nje, na uzungushe kwa mkono mpaka mdomo wa kaboni upate mviringo. Usitumie msasa mweusi wa kufutia chuma: punje zake zinaweza kupitisha umeme na hukaa katikati ya mapande ya shaba. Kaboni za zamani zitie kwenye bahasha na uzihifadhi pamoja na mashine.

Kinavuma lakini hakizunguki

Zima mara moja. Mota iliyonasa huvuta umeme mwingi na koili huungua ndani ya dakika. Chomoa, kisha zungusha feni kwa kidole. Ikikwama kabisa sehemu moja, kuna kitu: sarafu, pini ya nywele, kipande cha pangaboi. Ikizunguka kwa uzito kama iliyo ndani ya asali, grisi imeganda. Mashine nyingi za aina hii zina bushi za shaba (vipete ambamo ekseli ya mota huzunguka) zenye kipande cha sufu kinachoshika mafuta. Fungua, futa grisi ya zamani kwa kitambaa, tia matone mawili ya mafuta mepesi ya mashine kwenye sufu, zungusha, subiri saa moja, zungusha tena. Mafuta ya kupikia yatageuka gundi. Dawa ya kupuliza ya kulegezea kutu nayo haifai kama kilainishi: hukauka baada ya siku chache na kuosha mafuta yaliyokuwepo. Na matone mawili ni mawili kweli. Yakizidi yatafika kwenye komyuteta, yachanganyike na vumbi la kaboni, na utakuwa umetengeneza tatizo jipya.

Jaribio la kwanza la umeme

Sasa ndipo globu inapoingia. Iunge mfululizo na mashine, yaani umeme wa moto upite kwenye globu kabla ya kufika kwenye mota. Simama pahali pakavu, mashine iwe juu ya ubao, na usiguse chuma chake. Soketi yenye kikata umeme cha milliampea 30 ni bora zaidi.

Globu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia huku mota ikianza kuzunguka polepole, mashine ni nzima. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, kuna shoti au mota imenasa. Isipowaka, njia imekatika. Rudi kwenye sehemu ya waya, kaboni na swichi. Globu inazuia mashine isile umeme mwingi, na ndiyo sababu jaribio hili haliui kitu ambacho plagi ya ukutani ingeua.

Mashine ya volti 110 haitumiki kwa kudumu kupitia globu. Inahitaji transfoma ya kushusha kutoka 240 hadi 110, yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zilizo kwenye kibao. Tofauti ya 50 na 60 hertz haisumbui mota hizi za kaboni. Nyingi ziliandikwa zifanye kazi hata kwa umeme wa moja kwa moja (DC). Kinachoua ni volti.

Cheche

Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni kawaida. Mzunguko wa moto wa rangi ya machungwa unaozunguka komyuteta yote si kawaida, na una vyanzo vitatu. Chepesi ni vumbi la kaboni lililojaa kwenye mifereji kati ya mapande ya shaba: lisafishe kwa kijiti cha mbao kilichochongwa na brashi kavu. Cha pili ni maika, ile karatasi ngumu ya kutenganisha mapande, iliyobaki juu kuliko shaba iliyolika. Inahitaji kukwanguliwa chini kidogo, kazi ya fundi wa kufunga mota. Cha tatu ni koili za amecha zilizogusana. Pima ohm kati ya kila pande mbili zinazofuatana za komyuteta, ukizunguka yote. Namba zinapaswa kufanana. Jozi moja ikitofautiana sana na nyingine, amecha imekufa, na kuifunga upya kutagharimu zaidi ya thamani ya mashine nyingi. Hapo mashine inahesabiwa kama ya pambo, na pambo zuri lina bei yake.

Kinatoa kelele au kutetema

Kelele ya kusaga ni bushi kavu au beringi. Mtetemo wa kishindo ni feni iliyovunjika jino. Feni za aluminiamu huvunjwa na vijiwe, na kwa sababu inazunguka maelfu ya raundi kwa dakika, jino moja lililopungua linatosha kula bushi katika muda mfupi. Usikiendeshe ili kusikiliza vizuri zaidi. Feni iliyovunjika, kama hakuna mashine nyingine ya kutoa spea, inashusha bei sana.

Kinazunguka vizuri lakini hakivuti

Mara nyingi ni mfuko. Vumbi laini la miaka limeziba matundu ya kitambaa, na hewa isipotoka haiingii. Vaa barakoa, toka nje, geuza mfuko ndani nje na uupige taratibu kwa fimbo nyembamba, kisha uupitishe mashine nyingine ya kufyonza. Usiufue. Maji huondoa maandishi yaliyochapwa, hulegeza ufumaji ili vumbi litoke, na mara nyingi hukunja kitambaa kisirudi vipimo vyake. Mfuko wenye jina la kampuni linalosomeka ndicho kiungo cha kwanza mnunuzi anachokiuliza. Vumbi lililomo lishughulikie kwa heshima: nyumba za zamani zilipakwa rangi zenye risasi, na mfuko unakumbuka kila ulichofyonza.

Mfuko ukiwa safi na bado hakivuti, angalia mpira au sufu inayoziba shingo ya mfuko, na skrubu ya feni, kwani ikilegea, ekseli huzunguka peke yake na feni huteleza.

Kinapiga shoti mwilini

Usiseme ni kidogo tu. Mashine ya chuma yenye nyaya mbili pekee haina ardhi, na insulesheni ikichoka mwili mzima una moto. Unganisha pini za plagi kwa pamoja, kisha pima kwa mega ya volti 500 kati ya pini hizo na chuma cha mwili, swichi ikiwa imewashwa. Chini ya megaohm 1, usiitumie. Mashine iliyokaa stoo yenye unyevu inaweza kuonyesha namba mbaya kisha ikapona baada ya kukaa siku mbili tatu mahali pakavu penye joto la kawaida. Pima tena kabla ya kuihukumu.

Baadhi zina kapasita ya kuzuia mlio kwenye redio. Zile za karatasi huvuja kwa uzee, na ile iliyoungwa kutoka umeme hadi kwenye mwili hukufanya uhisi mtetemo vidoleni. Ikate au iweke mpya ya daraja la Y kwenda mwilini, na ya daraja la X2 kati ya nyaya mbili za umeme. Daraja hizo zimeandikwa kwenye kapasita yenyewe.

Kwa mashine itakayotumika kweli, fundi umeme afunge waya wa nyuzi tatu, wa ardhi ukishikwa kwenye chuma cha mwili. Ndani ya plagi ya pini bapa weka fyuzi ya ampea 3. Nyingi hukutwa na ya 13, ambayo itaacha waya mwembamba uwake moto kabla ya yenyewe kukatika. Waya wa asili usiutupe. Ukunje, uufunge kwa uzi, uuze pamoja na mashine.

Cha betri: kinawaka sekunde kumi kisha kinakufa

Hizo ni seli za nikeli na kadimiamu zilizochoka. Kila seli ni volti 1.2, kwa hiyo hesabu seli ujue volti: tatu ni 3.6, nne ni 4.8. Unga mweupe au wa kijani kibichi kwenye ncha ni uvujaji wa alkali. Vaa glavu, pangusa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha kwa kitambaa chenye maji, ukaushe. Kadimiamu ni sumu. Seli zilizokufa zisichomwe na zisitupwe jalalani, zipeleke kwa wanaokusanya betri. Seli mpya ziwe na vibati vya kulehemu, maana kuipasha moto seli yenyewe huiharibu.

Chaja ya Marekani ina transfoma ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 240 itaungua, na kishikio cha ukutani pamoja na chaja yake ni nusu ya thamani ya Dustbuster ya zamani.

Bei haieleweki: mmoja anauza mara kumi ya mwenzake

Chanzo cha mkanganyiko huu ni kutazama bei wanazoomba wauzaji. Bei inayoombwa ni matumaini. Kwenye eBay chuja uone vilivyouzwa tayari, chukua vitano vya karibuni vya mashine ile ile na volti ile ile, tupa cha juu kabisa na cha chini kabisa, na utumie cha katikati. Ondoa gharama ya usafirishaji kama ilijumuishwa. Ukipata vilivyouzwa viwili tu, usiseme bei unaijua. Anza na mnada.

Kisha rekebisha kwa hali. Kwa uzoefu wa wanaokusanya, mfuko wa asili ukikosekana hesabu kwamba theluthi nzima ya bei imeondoka, kwa sababu mfuko wa kushona upya haufanani hata ukishonwa vizuri. Boksi la karatasi lenye michoro linaweza kuongeza zaidi ya mdomo wa ziada na brashi kwa pamoja. Maboksi yalitupwa, mashine zilibaki. Kijitabu cha maelekezo na risiti ya duka yenye tarehe ni nyongeza nzuri, tena risiti humaliza ubishi wa mwaka. Plagi iliyokatwa haishushi bei sana, maana Uingereza wauzaji wengi huikata makusudi ili mashine iende kama pambo. Waya uliokatwa usawa wa mwili ni jambo lingine.

Aluminiamu iliyopigwa mashine ya kung'arisha mpaka ikawa kioo ndiyo hasara inayouma zaidi, kwa kuwa aliyeifanya alidhani anaongeza thamani. Herufi zilizochapwa zimekwenda, kingo zimelainika, na mkusanyaji anaona hivyo kwenye picha ya kwanza. Vivyo hivyo kupaka rangi mpya. Uchafu wa mikono uliozeeka kwenye mkono wa mbao au bakelaiti uache.

Ukweli mwingine wa soko: vifyonza vingi vya mkononi vya miaka ya 1970 na 1980 vina bei ndogo, wakati mwingine chini ya nauli ya kuvisafirisha. Ukiwa London au Toronto na unafikiria kumtumia ndugu Mombasa kimoja kwa ajili ya biashara, jumlisha uzito, transfoma na ushuru kwanza. Vinavyolipa ni vya chuma vya kabla ya 1960, vikiwa kamili, na vya betri vya toleo la kwanza vikiwa ndani ya boksi lao.

Tangazo liandikwe kwa vipimo. Kwa mfano: "Hoover Dustette, volti 230/250. Kibao kinasomeka chote, picha ya tatu. Mfuko wa asili, una tundu la milimita 4 karibu na mshono wa chini. Kaboni zimebaki milimita 9. Insulesheni megaohm 20 kwa volti 500. Imezungushwa kwa globu ya mfululizo tu, haijaendeshwa kwa umeme kamili. Waya ni mpya wa nyuzi tatu. Wa zamani umo ndani ya bahasha. Haijang'arishwa. Haina boksi."